Mkono wa Herluf

"Nani ananishika vidole vya miguu?" Egon Thorup aliuliza.

Hakuna aliyemshika. Tena alikuwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakupaswa kuhisi chochote.

"Mkono wa baridi," alisema. "Umelowa."

Daktari Asger aliinua mabega, akapitisha bomba jembamba lenye kamera kwenye njia ya mkojo. Egon alikuwa na miaka themanini na sita, na moyo wake usingestahimili kupasuliwa tumbo. Uvimbe kwenye kibofu ulimtoa damu kila siku. Njia ilikuwa hiyo moja.

"Ukikuta funguo za baiskeli yangu humo, nirudishie," Egon alitania akitazama skrini. Kisha akanong'ona, "Umefika magotini."

Muuguzi Birthe alimwinamia daktari. "Ni Herluf."

"Birthe, usianze."

"Yule mgonjwa aliyefia kwenye meza hii ya upasuaji Alhamisi. Nilikuomba tumpitishe karibu na dirisha la korido, nilifungue, roho itoke. Hapa Jutland nani asiyefanya hivyo?"

"Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu."

"Ukaamuru apelekwe mochwari chini moja kwa moja."

Harufu ya udongo uliolowa ilijaa chumbani.

Daktari aliikazia macho skrini, kwa sababu hapo, karibu kabisa na uvimbe, ukuta wa kibofu ulikuwa ukisukumwa kutoka upande wa pili, kwanza na kidole kimoja, kisha vyote vitano, taratibu, kama mtu anayepapasa pazia akitafuta pa kuingilia, na waya wa kukatia ulikuwa tayari umepata moto, na Egon, asiyeweza kusogeza hata mguu, alikuwa akiyaona yote hayo huku machozi yakimtiririka masikioni.

"Acha, daktari. Mtoe mzee hapa," Birthe alisema.

"Nikiuacha uvimbe, hafiki Krismasi."

"Ukikata, unamfungulia Herluf mlango."

Akakata. Kipande cha mwisho kilipong'oka, skrini ilizimika. Ilipowaka tena, kibofu kilikuwa safi. Hakikuwa na tundu, wala vidole havikuwepo.

Saa mbili baadaye Birthe aliketi kando ya kitanda cha Egon.

"Ganzi imeisha, mzee?"

"Imeisha."

"Bado anakushika?"

"Hapana, binti. Ametulia. Tazama."

Egon alibana pumzi. Kifua chake kikasimama. Chini ya kitovu, shuka iliendelea kupanda na kushuka.