Kofia ya Fundi Kidawa

Kila Fundi Mwanjaa alipochomelea bomba la chombo cha anga pale Tanga, wanagenzi thelathini kule Kigoma walichomelea pamoja naye. Alivaa kofia-fundishi, mtambo uliosoma kila mwendo wa kichwa na vidole vyake, ukautuma kwenye kofia na glavu zilizowaongoza vijana. Ndio ulikuwa ushirikiano wa karakana hizo mbili: Tanga ina mafundi, Kigoma ina vijana, na somo linapita mtandaoni huku kazi ikiendelea.

Fundi Kidawa, wa meza ya kushoto, aliona wivu hadi chakula kikamshinda. Jamani! Huyu Mwanjaa nani kamfundisha kushika tochi? Si yeye Kidawa, enzi hizo Mwanjaa akiikimbia kila cheche? Leo Kigoma nzima inamwita mwalimu. Ama kweli, shukrani ya punda mateke.

Mwishowe akamwendea meneja, Bwana Semkiwa. "Nipe kofia hiyo mwezi mmoja tu. Nikishindwa, mrudishie mwenyewe." Semkiwa akakubali: atakayefundisha vizuri zaidi, kofia itakuwa yake moja kwa moja.

Mwezi ulipokwisha, Kidawa aliitwa mbele ya kioo cha mtandao kilichoonyesha karakana ya Kigoma, Mwanjaa akiwepo.

"Mishono yao ya kuchomelea ni safi kuliko yote," Semkiwa alisema. Kidawa akatabasamu. "Lakini tazama."

Vijana, sasa bila kofia, waliwasha tochi. Kabla ya kugusa bomba, vichwa vyote thelathini vikageuka kulia, vikakaa huko kidogo, ndipo vikarudi. Msichana wa mbele alikuwa amefungwa bendeji kidole gumba.

"Shikamoo, fundi. Mimi Nyamizi. Nilijiunguza nikigeuka. Hapo kulia huwa tunakagua nini? Hatuoni kitu, ila kichwa kinakwenda chenyewe."

"Marahaba," Kidawa alijibu.

"Mtambo haujui lipi ni kazi na lipi si kazi," Semkiwa alisema. "Kama ni ukaguzi, sema, tuuandike kwenye somo."

Angeweza kusema ni geji ya gesi. Wangeamini, na kofia ingebaki yake. Lakini ile bendeji ilikuwa inamtazama.

"Si ukaguzi, mwanangu," alisema. "Hapo kulia ni meza ya Mwanjaa. Nilikuwa namchungulia kama kanishinda, nanyi nikawafunza hivyo hivyo."

Mwanjaa hakucheka. Kidawa akamkabidhi kofia.

"Waanze upya na wewe," alisema. "Na mimi nihamishieni meza, maana roho bado inaniuma."