Volti Kumi na Mbili za Baba Mkwe

Hii msiniambie nimesimuliwa. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni kwa jirani yangu fundi redio, na kwa woga nilioupata siku ile, viatu vyangu vilifika nyumbani kabla yangu.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la kukaanga mawe. Mama mkwe wa fundi ana pumu, na adapta ya mashine yake ya mvuke wa dawa ilikuwa imeungua. Mashine inataka volti kumi na mbili kamili. Zikizidi inakufa mashine, zikipungua anakufa mama.

"Nitaunda mwenyewe," fundi akajigamba. Dayodi nne za kunyoosha umeme anazo, kapasita ya kutunza umeme, nene kama kopo la maziwa, anayo, na kile kidude cha miguu mitatu cha kushikilia volti zisiyumbe. Transfoma ya kushusha umeme wa ukutani ndiyo hana. Basi akaifungua redio ya marehemu baba mkwe, ile ambayo mzee aliacha wosia isiguswe na mtu, akaing'oa transfoma yake.

"Baba watoto, umemuomba lakini?" mkewe akanong'ona.

"Nimuombe marehemu? Nimpigie simu?"

Akachomelea waya wa mwisho. Akachomeka ukutani. Mita ya kupimia volti ikasoma kumi na mbili, imetulia kama mtoto aliyeshiba. Akachomoa ili aufunge mtambo wake kwenye boksi, na kama fundi yeyote mwenye akili, akagusisha bisibisi kwenye miguu ya kapasita kuumaliza umeme uliobaki humo. Cheche. Paa! Mita ikaanguka sifuri.

Halafu tatu.

Saba.

Kumi na mbili.

Na plagi anayo mkononi.

Akagusisha tena. Sifuri. Tatu. Saba. Kumi na mbili. Transfoma ikaunguruma, kisha ikakohoa. Kikohozi kikavu cha mzee, mara mbili. Mkewe akajiziba mdomo. Alikijua.

Kutoka chumbani mama mkwe aliita, pumzi zimebaki za kuhesabu.

"Lete."

"Mama, hii kitu siyo nzuri," fundi akasema.

"Lete, mwanangu. Namsikia. Ana hasira na wewe, siyo na mimi."

Fundi akaingia. Midomo ya mama ilikuwa rangi ya majivu. Akausogeza waya kwenye mashine. Kitu kikamshika kifundo cha mkono. Baridi. Kikabana mpaka mfupa ukalia. Hakuachia. Akaunga.

Mvuke ukatoka. Mama akavuta pumzi ndefu, halafu nyingine. Yuko hai mpaka leo, ananishinda hata mimi kwa kelele.

Jioni mkono wa fundi ulitoa alama nyeusi za vidole. Spiriti haikuzitoa, sabuni haikuzitoa. Mama akazihesabu: nne. Akatabasamu peke yake. Kidole gumba mzee alikiacha kiwandani ujanani.

Sasa niseme ukweli, kuna kitu kimoja nimewapachikia. Pale niliposema aliichomeka ukutani, kisha akaichomoa. Hakuichomeka; plagi ilikuwa mkononi muda wote. Umeme mtaa mzima ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na fundi alikuwa amekaa anausubiri urudi.