Mzee wa Mwavuli

Haki utasema nimetunga. Utasema hakuna binadamu anayeweza kupoteza mtu wake kwa sababu ya video ya sekunde arobaini. Sawa, sema. Lakini haya yalitokea hapa hapa Voi, na mpaka leo kuna fundi mmoja wa simu, mvua ikianza kunyesha na watu wakifungua miavuli, yeye anageukia ukuta.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka vibaya. Nasima alikuwa anapita sokoni amevaa buibui nyeusi na mtandio wa kijani, kijani kile cha embe bichi, simu mkononi kioo kimepasuka vipande vipande. Huyu Nasima ni binti wa mwenye duka la vitambaa, msichana wa kuongea kidogo na kuangalia sana. Akasimama kwenye kibanda cha fundi simu, kilichobanwa katikati ya muuza mitumba na mama wa viazi karai.

Ndani, kijana mrefu wa shati la drafti, bisibisi sikioni, macho yamegandia laptop kuukuu. Alikuwa anaangalia katuni ya Kijapani. Si hizi za juzi. Zile za zamani zilizochorwa kwa mkono, rangi zimepauka kama leso iliyofuliwa miaka kumi.

"Fundi."

"Dakika moja, sister."

"Fundi, rudisha nyuma."

"Nini?"

"Hiyo katuni. Rudisha pale sokoni. Endelea... simamisha! Hapo!"

Kijana akasimamisha. Akaangalia picha, akamwangalia msichana.

"Kuna nini hapa?"

"Sikuonyeshi. Tafuta mwenyewe."

"Nitafute nini sasa? Naona watu wanauza samaki."

"Basi utalala hapo hapo."

Alitafuta, jamani. Viazi karai vya jirani viliiva, vikauzwa, vikawekwa vingine. Nasima amesimama tu, kidole mdomoni, anazuia kicheko. Halafu fundi akaruka. "Huyu! Huyu mzee ana mwavuli na hakuna mvua!"

"Ehee! Huyo yuko pia kwenye ile ya mabaharia, dirisha la pili la treni. Na ile ya wachawi wa mlimani, sehemu ya tisa, amepanga foleni ya mkate. Hasemi neno hata siku moja. Ni mchoraji mwenyewe huyo. Alijichora akajificha ndani ya kila kazi yake."

"Wewe umeyajulia wapi haya?"

Kicheko kikapungua. "Ndugu yangu Miraj. Marehemu. Alikuwa akisimamisha picha ananiambia nitafute. Nikimwomba anionyeshe, hataki. Sheria yake ilikuwa moja tu: huonyeshi, mwenzako atafute mwenyewe."

Fundi akatoa bisibisi sikioni, kama mtu anayevua kofia. "Naitwa Sufian. Hicho kioo nitakubadilishia leo leo."

Simu ilitengenezwa kwa nusu saa. Mazungumzo yao yalichukua miezi minane.

Sufian alikuwa wa Kasigau, mama yake mkulima huko chini ya mlima, baba alishafariki. Nasima akamwazima kitu ambacho hakuwahi kumwazima mtu: flash ya Miraj, nyekundu, imefungwa uzi mweupe, katuni mia mbili ndani. Wakagawana kazi ya kumtafuta mzee. Mchana huyu yuko dukani anapima kitambaa, yule yuko kibandani anachomelea chaji, na simu hazikauki.

"Roho yangu, nimempata leo. Sehemu ya kumi na nne."

"Uongo! Hiyo nimeiangalia mara mbili."

"Basi macho yako ni ya duka la baba. Yanaona vitambaa tu."

"Sufian, nitakuja nikupige na rula. Yuko wapi?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Kidokezo tu, mpenzi."

"Kidokezo ni kwamba nakupenda. Tafuta."

Na Nasima anatafuta, shuka kichwani, mpaka anamwona mzee amesimama nyuma ya pazia la kinyozi, mwavuli umekunjwa, kidevu kirefu. Halafu analia kidogo. Si kwa huzuni ya leo. Ni kwamba kila akimpata yule mzee, kwa sekunde moja anamsikia Miraj akipiga makofi.

Sasa sikiliza ilivyoharibika.

Posa ililetwa kutoka Bomeni, kule Taveta. Mwanamume anaitwa Amin, anafanya biashara ya mpakani, mpole, anaswali, hana sifa mbaya hata ukichunguza na tochi. Baba yake Nasima akasema, "Mwanangu, mimi silazimishi. Lakini watu wa heshima hawawekwi mlangoni. Ijumaa baada ya swala niwape jibu."

Nasima akampigia Sufian siku hiyo hiyo.

"Baba anataka jibu Ijumaa. Kama kuna mtu ana neno, aseme kabla ya hapo. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Useme, Sufian. Si unichekeshe."

"Kuna kitu nakutengenezea, wiki ya tatu sasa hivi. Imebaki kidogo. Utakiona na utajua."

Kesho yake ndovu wakaingia shamba la mama yake. Mahindi yote chini, tangi la maji limepasuliwa. Ikabidi akimbie Kasigau, na mvua ilikuwa imeshaikata barabara. Kuingia ni shida, kutoka ni shida zaidi. Mtandao kule unaupata ukipanda kilima, unyooshe mkono kama unaomba dua.

Alhamisi mchana simu ya Nasima ikalia. Video. Sufian alikuwa ameichora mwenyewe kwa kidole kwenye simu, picha moja baada ya nyingine, akiiga ile michoro ya zamani.

Msichana wa mtandio wa kijani anafika kwenye kibanda. Kijana anapokea simu, anaitengeneza, anairudisha. Wanaangaliana. Msichana anageuka, anaondoka, anakuwa mdogo, mdogo zaidi. Kijana anabaki amesimama. Mwisho.

Sekunde arobaini, basi. Hakuna neno.

Nasima akarudia. Akamtafuta mzee wa mwavuli, maana hakukuwa na siku ambayo hakumtafuta. Lakini video ilikuwa imetumwa kwa mtandao wa kilimani, WhatsApp imeikamua mpaka imebaki maganda, na nyuma ya kibanda kulikuwa na ukungu wa rangi tu, kijivu na manjano vimechanganyika. Akarudia mara ya tatu. Akajiambia: hata mzee hakumchora. Amenichora ninaenda zangu.

Akaandika: "Nzuri. Asante."

Haikupita dakika tano, Sufian akapiga. Sauti inakatika katika.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Yote? Vizuri?"

"Yote, Sufian. Mara tatu."

Upepo ulivuma kwenye simu. Alikuwa huko juu kilimani, viatu vimejaa matope, amengoja mtandao kwa siku tatu.

"Na... huna la kunijibu?"

"Nikujibu nini tena? Si wewe umeshasema."

Sauti ikarudi ndogo sana: "Basi sawa. Nilitaka tu ujue." Simu ikakatika, na hakuna aliyejua kama ni mtandao au ni kidole.

Ijumaa baada ya swala, Nasima akamwambia baba yake, "Fanyeni mnavyoona."

Harusi ikapangwa haraka, wiki sita tu. Nasima akakonda. Watu wakasema ni furaha ya bibi harusi. Sufian alirudi Voi baada ya barabara kufunguka, na mara mbili walikutana sokoni uso kwa uso. Mara ya kwanza alisema, "Hongera." Mara ya pili alipita akiangalia chini.

Ijumaa ya hina, nyumba ilijaa wanawake, udi, watoto, sinia za kaimati. Nasima amekaa kwenye mkeka na leso mpya nyekundu, miguu imenyooshwa, mikono yote miwili imepakwa na bado mibichi. Ndipo akaingia Safaa, binamu yake, akamchutamia karibu.

"Dada, Sufian alinipa hii juzi. Kasema nikuletee, ni ya ndugu yako."

Ile flash nyekundu. Uzi mweupe ulikuwa umeshachafuka.

"Ichomeke kwenye TV," Nasima akasema. "Nataka nimwone Miraj wangu kidogo kabla sijaondoka." Alimaanisha katuni. Safaa alielewa.

Safaa akachomeka. Majina yakajipanga kwenye skrini, mia mbili na moja. Ile moja ya zaidi ilikuwa chini kabisa, imeandikwa *Nasima*.

"Hii ni nini?"

"Naijua hiyo. Ifungue tu."

TV ya baba yake ilikuwa kubwa, ile ya kuangalia mpira. Na humu ndani ya flash video ilikuwa nzima, kama ilivyotoka kidoleni. Kila mstari unaonekana. Nyanya za sokoni unaweza kuzihesabu. Msichana wa kijani anafika, kijana anapokea simu, na nyuma ya kibanda, pale palipokuwa na ukungu...

"Simamisha," Nasima akasema.

"Nini?"

"Simamisha, Safaa!"

Mzee alikuwepo, kidevu kirefu, karibu na karai la viazi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mwavuli wake ulikuwa umefunguliwa, na kwenye mwavuli kulikuwa na maandishi madogo, ya mkono, yamepinda kufuata kitambaa:

*Nasima, barabara ikifunguka nakuja na mjomba kuleta posa. Mwambie baba anisubiri. Ukikubali, nitumie mwavuli.*

Wanawake waliendelea kupiga vigelegele chumba cha pili. Mpakaji wa hina alikuwa anauliza nani amesogeza mkono.

Wiki sita. Sufian alikuwa amengoja mwavuli kwa wiki sita, na yeye alimtumia "Nzuri. Asante." Na hata alipompigia kutoka kilimani kumuuliza, Sufian hakumwonyesha. Hakutaka kuivunja sheria ya Miraj hata kwa hilo.

"Safaa, chukua simu yangu. Mtumie mwavuli."

"Mwavuli gani?"

"Ile picha ndogo ya mwavuli! Mimi nina hina, siwezi kushika."

Safaa alikuwa ameshasoma skrini. Uso ulimbadilika. "Nasima. Kesho saa nne ni nikaha. Amin hajakukosea chochote."

"Najua."

"Baba yako je?"

"Najua, Safaa. Tuma."

Safaa akatuma. Mwavuli ukaenda, na pembeni yake ikatokea alama moja ya kijivu. Moja tu: umeondoka, haujafika. Wakapiga: mteja hapatikani. Wakampigia Ndambuki, yule wa mitumba anayepakana na kibanda. "Sufian alifunga juzi," Ndambuki akasema. "Kaenda kwao Kasigau. Alisema hataki kuwa Voi wikendi hii."

Nasima akaweka nadhiri hapo hapo, na hina inakauka. Alama ya pili ikitokea kabla ya kuulizwa idhini, atasema hapana mbele ya baba na ukoo mzima, liwalo na liwe. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kwamba upande wa pili bado kuna mtu.

Asubuhi ikafika, alama ni moja. Wakamvalisha gauni jeupe la mikono mirefu, wakamfukiza udi, jasmini kichwani. Alama ni moja. Saa nne kasoro baba akaingia, kanzu mpya, macho mekundu, nyuma yake mashahidi wawili. Simu ilikuwa pajani kwa Nasima, chini ya leso.

"Mwanangu, umekubali nikuozeshe kwa Amin?"

Nasima akaangalia chini. Alama moja.

"Mwanangu, umekubali?"

Alifungua mdomo. Alitaka kusema, baba, nipe saa moja, kuna mtu yuko mahali hakuna mtandao. Lakini alimwona baba yake, yule aliyemzika Miraj bila kulia mbele za watu, sasa midomo inamtetemeka kwa furaha. Akaufunga mdomo.

"Mwanangu?"

Hakusema kitu. Na kwao, mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali. Huwa ni haya imemzuia ulimi. Baba akamgusa kichwa. Mashahidi wakatoka kwenda msikitini. Vigelegele vikapasua nyumba.

Sasa wako ndani ya gari, yeye na Amin kiti cha nyuma. Mwatate imepita, mashamba ya mkonge yamepita, wamekaribia Maktau na mawingu yamejaa. Amin amekaa kwa adabu, ameacha nafasi katikati yao, amempa chupa ya maji na hajamshika hata mkono. Matone ya kwanza yanagonga kioo.

Simu ikatetemeka.

Alama mbili. Zikageuka bluu pale pale, kama mtu alikuwa ameishika simu amengoja. Sufian anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Halafu likaja neno moja:

"Umemwona?"

Kidole chenye hina kikasimama juu ya herufi. Pembeni yake Amin akageuka, akatabasamu kwa aibu ya mwanamume aliyeoa saa tatu zilizopita.

"Nani huyo, mke wangu?"

Wanaume wawili wanangoja jibu, mvua inaongezeka, na gari haligeuki. Wewe unayesoma, ungekuwa ni wewe pale kwenye kiti cha nyuma, ungemjibu nani kwanza? Na ungemwambia nini?