Ubeti wa Kuaga

Asubuhi ile fundi wa miwani alijisikia akiimba, na mdomoni alikuwa na mswaki.

Aliutoa mswaki, akafunga bomba, akatega sikio. Sauti ilitoka nje, ghorofa ya chini au jengo la pili, ikapenya dirishani ikiwa nyembamba. Haikuwa sauti inayofanana na yake. Ilikuwa yake, na ule mkwaruzo mdogo inapopanda, na lile kosa lake la kuvuta pumzi katikati ya neno. Iliimba beti mbili za wimbo wa kumlazia mtoto, kisha ikakatika. Alisimama na povu midomoni akisubiri ubeti wa tatu. Haukuja.

Wimbo huo hakuwahi kuuimba nje ya chumba cha mwanawe. Alirithishwa na bibi yake mzaa mama, na bibi alimpa pamoja na masharti. Beti mbili za mwanzo humwita mlezi asiyeonekana aje amkalie mtoto, na wa kwanza husema:

*Njoo wewe usolala, njoo unisaidie,*
*Mwanangu amesinzia, pembeni umkalie.*

Ubeti wa mwisho humuaga. Mlango uwe umefungwa, na wimbo usiachwe njiani. "Usimwite mgeni usiyejua kumuaga," bibi alikuwa akisema, na hapo hakutania, ingawa kwa mengine yote alikuwa mtu wa mizaha. Fundi wa miwani aliyatii masharti hayo vile mtu anavyotii kutokanyaga kizingiti, bila kuamini sana na bila kuthubutu kuacha. Kila jioni alimwimbia binti yake, ambaye walimwita Mchwa kwa sababu alipokuwa anaota meno alitafuna kila kilichotafunika, ukiwamo mguu wa meza. Sasa alikuwa anakaribia kuanza shule, na jina lilikuwa limemganda.

Alikwenda kumweleza mumewe. Baba Mchwa alikuwa anafunga vifungo vya shati. Mkono ukasita kwenye kifungo kimoja, kisha ukaendelea. Alicheka kidogo, akamwambia kwamba amechoka, na zaidi ya hapo sauti yake mwenyewe asubuhi hiyo imekauka, ameze maji ya moto. Ni kweli ilikuwa imekauka. Akameza maji ya moto.

Huyo mume alikuwa fundi sauti, na kazi yake ilikuwa kurekodi vitu ambavyo wengine tunavipuuza: kitambaa kikichanika, buti kwenye tope, kabichi ikivunjwa ili isikike kama mfupa. Kwa miaka mingi kampuni yao ilikuwa inatengeneza gemu moja tu, Bara la Ukungu. Ndani yake mlikuwa na misitu, milima na miji ya kubuni, na mchezaji angeweza kwenda popote, akaingia nyumba yoyote na kuongea na yeyote. Vijana waliisubiri gemu hiyo mpaka wengine wakaota ndevu wakisubiri. Mkewe alizoea kuwaambia watu kwamba ana mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe anakula umeme.

Jioni moja fundi wa miwani alichelewa kazini. Aliporudi alimkuta mumewe sebuleni, hedifoni masikioni, macho kwenye kompyuta. Alivua viatu. Ndipo akasikia, kutoka chumbani kwa Mchwa, mlango ukiwa umefungwa, mtu anaimba kwa sauti yake.

Alishika kitasa, nacho kilikuwa baridi kuliko chuma kinavyostahili kuwa ndani ya nyumba, akasukuma, na wimbo ukanyamaza hapo hapo, na kwenye mwanga hafifu wa taa ya ukutani alimwona Mchwa amelala chali akitabasamu, na kando yake godoro limebonyea shimo la mtu mzima aliyekaa, na shimo lile, huku akiliangalia, likainuka taratibu kama mkate unaoumuka, na chumba kizima, chenye madirisha yaliyofungwa tangu asubuhi, kikanuka udongo uliotoka kulowa. Alimnyakua mtoto. Mchwa alifumbua jicho moja kwa hasira ya mtu aliyekatizwa.

"Wewe ukiimba unaondoka," alisema. "Yule mama haondoki."

Alipiga kelele kumwita mumewe, lakini kilichotoka kilikuwa mnong'ono wenye kutu.

Daktari wa koo alimmulika, akasema koo ni zima. Sauti haikujali maneno ya daktari, ikazidi kupungua. Dukani alianza kuongea na wateja kwa ishara, akiwaelekeza kwa kidole wasome herufi ukutani. Nyumbani Mchwa alianza kulala mapema bila kuombwa, jambo ambalo mzazi mwingine angelishukuru. Alikuwa anaaga sebuleni, anaingia chumbani, na kabla mama yake hajafika wimbo unakuwa umeshaanza. Wakahamishia kitanda chake chumbani kwao, lakini haikusaidia. Aliyekuwa anaimba alihama naye.

Mwisho baba Mchwa mwenyewe alisema, "Tutafute mganga." Mkewe alimpenda sana siku ile. Mtu aliyesoma, anayecheka mambo hayo kazini kwake, kainamisha kichwa kwa ajili yake. Alimshika mkono na kuubusu.

Mganga alikuja alasiri, mwanamke mfupi mwenye miwani ya fremu nzito, na kabla ya lolote akaomba fundi amkazie skrubu iliyolegea. Walicheka wote watatu, na kwa muda nyumba ikawa nyumba tena. Kisha mganga akavua viatu, akaingia chumbani, akakaa sakafuni muda mrefu amefumba macho. Alipotoka hakucheka.

"Simwoni mbaya," alisema. "Aliyemo humu ameitwa kwa heshima, akaja. Anaitwa asubuhi, anaitwa mchana, anaitwa na watu kwa maelfu, na hakuna hata mmoja anayemuaga. Na sauti inayomwita ina mtoto mmoja tu. Angekwenda wapi kwingine?"

Aliendelea kwa sauti ya chini. Kila mwito, alisema, ulikuwa unamega kipande cha sauti ya mwenye nayo. Kwa hesabu yake, fundi alikuwa amebakiwa na pumzi ya ubeti mmoja. Asiuimbe bure humu ndani, kwani mgeni hatoki kwa kuagwa na mmoja huku maelfu wanamkaribisha. Waliosikia mwito lazima wasikie na ubeti wa kuaga. "Mtafuteni aliyeukata wimbo. Aliyekata ndiye aunge."

Wakati wote huo baba Mchwa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alimsindikiza mganga hadi chini kwa adabu zote, akamshukuru, akarudi, akasema, "Sasa tutampata wapi mtu kama huyo?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ni methali iliyosemwa mpaka ikachakaa, lakini siku inapokufaa wewe inakuwa mpya kabisa. Fundi wa miwani ilimfikia dukani, mchana kweupe, mashine ya kusaga lenzi ikiunguruma. Karani mmoja wa benki alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri miwani yake, simu karibu na pua kwa kutoona vizuri. Ukungu ulipita kwenye kioo cha simu, ukafunua bonde na mnara. Sauti ya mwanamke ikaimba.

Alizima mashine. Alimwomba karani, kwa mnong'ono, airudie.

"Na wewe unaisubiri, dada?" Karani alichangamka. "Hii ndiyo trela ya Bara la Ukungu. Ina wiki kadhaa sasa. Mimi siendi kazini bila kuiangalia. Unamsikia huyu mama? Anaimba, halafu wanakata pale pale utamu unapofika. Mwili unasisimka. Watu wanairudia usiku na mchana wakitafuta kilichofuata."

Jina la kampuni lilitokea mwishoni, kwa herufi alizoziona kila siku kwenye mkoba wa mumewe. Alimpa karani miwani yake, akaikunjua mwenyewe, akaipachika masikioni mwa mteja kama kawaida, akahakikisha haibani. Baadaye aliingia stoo, akakaa juu ya boksi la fremu, na akalia bila sauti kwa kuwa hakuwa nayo. Hakulia kwa sababu ya jini. Alilia kwa sababu ya ule mkono alioubusu.

Jioni hakumgombeza mumewe. Aliiweka simu mezani, akaicheza trela mara moja, akamtazama. Baba Mchwa akakaa chini. Alieleza kila kitu, na kueleza kukawa kurefu. Wakubwa walisema trela haina moyo. Yeye alikuwa amechoka kurekodi kabichi. Jioni moja alisimama nje ya mlango wa Mchwa na kinasa sauti, akauona moyo wenyewe. Wakubwa walipenda, ila wakamwambia akate kabla ya mwisho, watu wabaki na hamu. Wafanyakazi wote waliapishwa wasimwambie mtu, hata wake zao.

"Nilidhani ni wimbo tu," alisema.

"Ukanileta mganga," mkewe alinong'ona, "huku unajua."

"Nilitaka akutulize."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Angeweza kusamehe wizi. Watu huibiana ndani ya ndoa, huyu anaiba usingizi na yule anaiba blanketi. Lakini alimwacha ajione mgonjwa, akamtazama akimeza maji ya moto. Fundi wa miwani alitaka kumchukua Mchwa waondoke usiku huo huo. Kilichomzuia ni kwamba trela ilikuwa kila mahali, na aliyeweza kuiunga ni huyu huyu.

Baba Mchwa alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Aliahidi. Trela mpya ilikuwa inatoka Ijumaa, pamoja na tarehe ya gemu, na atauunga wimbo wote humo. Kwa hiyo mkewe aliingia ndani ya kabati la nguo, mahali mumewe alipozoea kurekodia kwa sababu makoti humeza mwangwi, akaishika maiki kwa mikono miwili, na pumzi yake ya mwisho akaitoa huko, kati ya koti lake la mvua na suti ya mumewe ya harusi:

*Kumekucha nenda zako, mwana unirudishie,*
*Umelinda si mwanao, huko huko urudie.*

Alitoka kabatini bubu. Mumewe alimkumbatia, akamwambia ameimba vizuri kuliko siku zote.

Ijumaa jioni jengo zima lilifungua madirisha. Vijana walijaa kwenye ngazi, wamebeba simu zao, wanahesabu. Fundi wa miwani alikaa kwenye kochi na Mchwa mapajani, mumewe kwenye kiti cha pembeni. Mchwa alikuwa amekonda kidogo, na nywele zake zilinuka udongo hata baada ya kuoshwa. Saa ilipofika ukungu ulifunika skrini, na sauti ikapanda kutoka kila dirisha kwa pamoja, juu na chini na ng'ambo ya barabara, ubeti wa kwanza, wa pili, sauti zake mia moja zikimwita yule yule mmoja, kuta zikatetemeka na harufu ya udongo ikaja nzito kutoka chumbani mpaka ikawa na ladha mdomoni, naye akamkaza mwanawe, akasubiri maneno yale ambayo alijua yanafuata kwa kuwa aliyatoa mwenyewe kifuani mwake, na badala yake skrini ikawa nyeusi.

*Bara la Ukungu limeahirishwa hadi mwakani. Subirini.*

Jengo zima liliguna. Ngazini kuna aliyetukana, na mwingine akamjibu kwamba subira huvuta heri, tuiangalie tena. Wakaianza tena. Fundi wa miwani aligeuka kwa mumewe, akaona kwamba hakuwa akiitazama skrini. Alikuwa akimtazama yeye. Alikuwa anajua.

"Waliamua Jumatano," alisema kwa sauti ya chini. "Walisema ubeti ule ndio mwisho wa gemu yenyewe. Ukitoka sasa, watu hawatakuwa na cha kusubiri. Ni mwaka mmoja tu, mama Mchwa."

Mkewe alimwonyesha kompyuta kwa kidole, kisha mlango wa chumba. *Ufungue hapa. Aagwe hapa.* Hata kama ni bure, aagwe.

"Sina," alisema mumewe. "Nilikabidhi kila kitu. Hatuachiwi nakala."

Fundi wa miwani akafungua mdomo aimbe mwenyewe. Ilitoka hewa tu. Na chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu akaanza wimbo taratibu, bila mkwaruzo, bila kukosea pumzi, kwa sauti nzima na ya afya ambayo yeye aliwahi kuwa nayo.

Mchwa aliinua kichwa. Alikuwa anachezea kifungo cha blauzi ya mama yake. Akakiachia, akaushika mkono uliomzunguka kiunoni, akaanza kuufungua kidole kimoja kimoja kwa upole, kama mtoto aliyefundishwa adabu mbele ya wageni.

"Niachie, anti," alisema. "Mama ananiita."

Mlango wa chumbani ukafunguliwa kutoka ndani.