Aliyerudi Nao Kutoka Melini

Sahani zilikuwa tatu.

Celine Amolo aliliona hilo mara tu walipoketi kula, jioni ya kwanza melini. Meza yao ilikuwa ya watu wawili, kando ya dirisha. Mhudumu aliweka sahani moja mbele yake, ya pili mbele ya mumewe Gerishon, kisha akaweka ya tatu katikati pamoja na uma, kisu na glasi ya maji.

"Tuko wawili," Celine akamwambia.

"Pole mama. Nilidhani mko na yule dada."

"Dada gani?"

Mhudumu alitazama nyuma ya kiti cha Gerishon. Akafungua mdomo, akaufunga, akaondoa sahani na kwenda zake. Mwingine angemfuata amuulize. Celine alimgeukia mumewe.

"Dada gani, Gerry?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza safari ambayo wapangaji wote wa ploti yao kule Sarang'ombe waliizungumzia mwezi mzima. Celine alikuwa msusi, ana saluni ndogo Kawangware, na kampuni moja ya kuuza nywele za kusukia ilimpa zawadi ya msusi bora: siku tano kwenye meli ya kitalii, watu wawili, Mombasa hadi Zanzibar na kurudi. Wasusi wenzake walimwonea wivu hadi mmoja akaacha kumsalimia.

Lakini kwa wivu hakuna aliyemshinda Celine mwenyewe. Katika miaka saba ya ndoa alikuwa amenusa kila shati la Gerishon na kusoma kila ujumbe kwenye simu yake. Siku moja alimfuata hadi pale anapochomelea mageti na madirisha, akamtukana mteja wa kike mbele ya watu kwa sababu mteja huyo alicheka. Gerishon Ouma alikuwa mtu wa maneno machache, wa kazi na nyumbani, na hakuwahi kuwa na mwanamke wa nje. Celine alilijua hilo. Kulijua hakukumsaidia.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, akamwona.

Gerishon alikuwa amejilaza kando ya bwawa la kuogelea, kofia imemfunika uso. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani. Celine, kwa kuwa ni msusi, aliona nywele kabla ya sura: nyeusi, nzito, zimeshuka hadi kiunoni, zimelowa chapa lakini hazidondoshi hata tone moja. Halikuwa wigi. Zilikuwa nywele za kuota kichwani, na Celine alizitamani. Yule mwanamke aliinama polepole, akamnusa Gerishon shingoni.

Celine alikimbia akipita katikati ya viti. Alipofika hakukuwa na mtu mwingine, ila harufu ya mawaridi iliyochanganyika na kutu.

"Nani huyo?"

Gerishon akaondoa kofia. "Nani?"

"Huyo mwanamke amekuinamia hapa! Usinifanye mjinga."

"Celine, watu wanatuangalia. Punguza sauti."

"Kumbe unamficha."

Siku ya tatu meli ilitia nanga Zanzibar na abiria wakashuka kutembea. Celine alikataa kushuka, na kwa kuwa alikataa, ikabidi Gerishon naye abaki. Waligombana chumbani asubuhi nzima. Yaani aligomba Celine. Gerishon aliketi kitandani akitazama mikono yake. Mwishowe Celine akafungua mlango ili apate hewa, na yule mwanamke alikuwa amesimama kwenye korido, hatua mbili tu kutoka kizingitini.

Kwa karibu alikuwa mzuri kuliko alivyoonekana kwa mbali. Macho yake hayakupepesa.

"Kama amekuchosha," alisema kwa sauti ya chini, ya heshima, "nipe mimi."

Celine alipaswa kuogopa. Lakini hasira ilifika kwanza.

"Mchukue!" alipiga kelele. "Si ndiye unayemtaka? Mchukue ukae naye!"

Mwanamke akainamisha kichwa kama mtu aliyepokea kitu kwa mikono miwili. Celine akapepesa macho, na korido ikawa tupu.

"Unaongea na nani?" Gerishon aliuliza kutoka kitandani.

Jioni ile bahari ilichafuka. Celine alishikwa na kichefuchefu, akapanda hadi zahanati ya meli kuomba dawa. Aliporudi, kadi yake ilikataa kufungua mlango. Aligonga, hakuna aliyeitika. Alienda kaunta, na mwanamke wa pale akaangalia kompyuta yake, kisha akamwangalia yeye, kisha kompyuta tena.

"Lakini mama, umeingia chumbani sasa hivi. Dakika kumi zilizopita."

"Mimi nilikuwa zahanati."

"Mimi mwenyewe ndiye nilikupa kadi mpya. Ukanishukuru vizuri sana."

Alirudi akikimbia, akishika kuta kwa sababu sakafu ilikuwa ikiinuka na kushuka chini ya miguu yake, na kadiri alivyokaribia mlango wao ndivyo alivyomsikia Gerishon akicheka ndani, kicheko kirefu cha raha ambacho hakuwa amekisikia tangu mwaka wao wa kwanza, na juu ya kicheko hicho sauti ya mwanamke ikisimulia kitu kwa Kijaluo, sauti aliyoifahamu lakini hakuweza kuiwekea jina, mpaka alipopiga mlango kwa ngumi zote mbili na Gerishon akafungua akiwa bado anatabasamu, akasema, "Umesahau nini tena?"

Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Upande wa Celine wa kitanda ulikuwa umelowa. Aligusa shuka, akaonja kidole. Chumvi.

Safari iliyobaki hakufumba jicho. Walipofika nyumbani Sarang'ombe alishukuru kuona mabati, matope, na jirani yao Maggie akianika nguo. Alijiambia kwamba lililokuwa baharini limebaki baharini.

Wiki ya kwanza, Maggie alimsimamisha mlangoni. "Wewe Celine, kumbe unajua kuimba hivyo? Jana mchana umeniliza."

"Jana mchana nilikuwa saluni."

Maggie alicheka, akidhani ni utani.

Kisha Celine alianza kukuta sufuria zimeoshwa na kufunikwa. Alikuta mashati ya Gerishon yamepigwa pasi, na yote yananukia mawaridi, na chini ya mawaridi kutu. Alikuta kitanda kimetandikwa na upande wake umelowa. Gerishon alianza kunenepa usoni. Alipiga mluzi akivaa viatu.

"Unamleta hapa," Celine alimwambia Jumamosi. "Unamleta kwa nyumba yangu nikienda kazi."

"Naleta nani?"

"Yule wa meli!"

Gerishon alimtazama kwa muda. "Jana saa saba ni nani aliniletea samaki kazini? Si ni wewe? Ukakaa na mimi mpaka nikamaliza. Hata Billy alikuona. Aliniambia, 'Bibi yako siku hizi amebadilika.'"

Celine hakuwa amepika samaki. Hakuwa amefika huko tangu siku ile ya matusi. Lakini badala ya kuuliza ni nani basi aliyemlisha mumewe, aliona uongo tu, uongo uliopangwa na kufundishwa hadi kwa Billy, mwenzake wa kazi. Akakusanya nguo zake, akamtukana Gerishon hadi majirani wakatoka nje, akaenda Kawangware kwa dadake Marion.

Alikaa siku tatu akingoja apigiwe simu. Haikulia.

"Mpigie wewe," Marion alimwambia siku ya nne. "Kiburi kitakuachia nini?"

Walikuwa saluni, mchana, hakuna wateja. Celine akapiga na kuweka simu kwenye spika ili wote wawili wasikie.

"Hallo?" aliitika mwanamke.

Marion akaangusha kitana. Ilikuwa sauti ya Celine. Haikuwa ya kufanana naye. Ilikuwa yake yenyewe, na ule mkwaruzo mdogo alioupata utotoni alipougua koo.

"Gerry ako anaoga," sauti ikasema. "Nimwambie nani alipiga?"

Celine akakata simu. Marion akamshika mikono.

"Aki Celine," Marion alinong'ona, "ni nani ako kwa nyumba yako?"

Marion ndiye aliyempeleka kwa Mama Nasipwondi, mwombezi aliyekuwa akiishi nyuma ya soko. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, amechoka kama mtu aliyetoka kazini. Hakupiga ngoma wala hakufukiza kitu. Aliweka mkono juu ya kichwa cha Celine, akasikiliza, kisha akauondoa haraka na kuupangusa kwenye leso.

"Hili ni jini la maji," alisema. "Lakini halikuwafuata tu. Kuna mtu aliyelipatia ruhusa. Ulisema nini?"

Celine alimwambia. Ilibidi arudie, kwa sababu mara ya kwanza alinong'ona mno.

"Basi umemtoa mumeo kwa mdomo wako. Halimtaki yeye peke yake, linataka nafasi yako, na wewe ukaliachia. Hata kutoka nyumbani umetoka kwa miguu yako." Mama Nasipwondi alichungulia jua mlangoni. "Nenda leo, jua likiwa juu. Mwombe mume wako. Akikukaribisha ndani, akakuvusha kizingiti yeye mwenyewe, lile halina pa kukaa. Litaondoka. Mimi siwezi kulitoa. Ni yeye tu."

"Na akikataa?"

"Ana sababu ya kukataa?"

Celine aliinuka na kumfuata Marion nje.

Walifika Sarang'ombe saa tisa. Marion alibaki na Maggie, ambaye alimwona Celine akija, akageuka kutazama mlango wa Celine, kisha akamtazama Celine tena na kumvuta mtoto wake karibu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Kutoka ndani mtu alikuwa akiimba. Celine akagonga.

Gerishon ndiye aliyefungua. Nyuma yake, kwenye kigoda, Celine alijiona amekaa akichambua mboga: uso wake, gauni lake la kitenge, ila nywele zilizoshuka hadi kiunoni, nyeusi, zinang'aa kwa maji.

"Gerry," alisema. Alikuwa amejiapiza kutolia, na alilia. "Nilikosa. Miaka yote nimekukosea. Hakuna mwanamke uliyewahi kuwa naye, nilijua, na bado nilikutesa. Nikarusha neno nisilolimaanisha. Niingize ndani. Tafadhali. Nishike tu mkono uniingize."

Uso wa Gerishon ulilegea. Alimtazama, akageuka akamtazama yule mwingine, na Celine akaona wazi machoni mwake kwamba hakuwa amedanganyika. Alijua ni yupi. Polepole alianza kunyoosha mkono.

"Mwache aingie, Gerry," yule mwingine akasema kwa upole, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga. "Akitaka akae hata na sisi. Mimi sina shida."

Na Celine akamwona jinsi alivyokaa pale kana kwamba ndiye mwenye nyumba, akaona mboga, akaona kitanda nyuma ya pazia kimetandikwa vizuri, akafikiria zile siku nne, mchana na usiku, na kitu ndani yake kikapanda ambacho hakuwahi hata siku moja kukizuia, na kabla hajajua, vidole vyake vilikuwa vimeikamata kola ya shati la mumewe na mdomo wake ulikuwa ukipiga kelele ploti nzima isikie.

"Umelala naye? Niambie! Umelala naye mara ngapi?"

Mkono wa Gerishon ukashuka. Akatoa vidole vya Celine kwenye kola, kimoja kimoja, bila hasira, jinsi mtu anavyotoa miba kwenye nguo.

"Kumetulia sana hapa, Celine," alisema.

Kisha akafunga mlango, na Celine akasikia komeo likipita.