Msumeno wa Watu Wawili

Msumeno ule mkubwa una mishikio miwili: huyu akivuta, yule anaachia. Kaka na mdogo wake wameushika pamoja tangu hawajaota ndevu. Mtaani huwaita Mapacha wa Mbao, ingawa mmoja ni mkubwa kwa miaka michache.

Siku kaka aliporudi kutoka hospitali na kusema amekutwa na saratani ya tezi dume, mdogo mtu alilia. Wiki hiyo hiyo redio ikasema wataalamu wanachunguza kama virusi vinahusika na ugonjwa huo. Yeye akashika neno moja tu: virusi. Kama ni virusi, si unaambukiza? Mbona shemeji yake, mke wa kaka, haumwi? Lakini mwanamke hana tezi dume, akajijibu. Kichwa kikamzunguka. Angemuuliza nani? Hospitali walimpa kaka dawa, maelezo wakabaki nayo, utadhani fundi hana masikio.

Kesho yake mdogo mtu alikuja karakanani na kikombe chake. Kisha akaisogeza meza yake ya kazi hadi mlangoni. Msumeno ukaning'inia ukutani, magogo yakalala uani. Kaka akawa anapiga randa peke yake. Mtaa huu una historia yake: ulimtenga fundi viatu kwa kuwa anakohoa, kumbe ilikuwa pumu. Alikufa peke yake, na waliomtenga ndio waliogombea kubeba jeneza.

Aliyechoka kunyamaza ni shemeji. Alimwita jirani yao muuguzi, akamtaka mdogo mtu aseme hofu yake mbele ya kaka yake. Akaisema, macho chini.

"Kwa hiyo redio ilidanganya?" akauliza.

"Haikudanganya," alisema muuguzi. "Zipo saratani zinazoletwa na virusi, kama ile ya shingo ya kizazi. Ndiyo maana wataalamu wanauliza na kuhusu tezi dume. Wengine wamevikuta virusi humo, wengine hawakuvikuta. Na kumkuta mtu kwenye nyumba iliyoungua si ushahidi kwamba ndiye aliyewasha moto."

"Sasa ni ndiyo au hapana?"

"Ni bado. Ila saratani yenyewe haiambukizwi, si kwa kikombe, si kwa jasho, si kwa kitanda. Una miaka mingapi, fundi?"

"Arobaini na minane."

"Basi sikia kinachojulikana. Mtu ambaye baba yake au kaka yake ameugua, hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine. Umekimbia kikombe, na damu yenu moja umeondoka nayo. Usingoje mkojo ukusumbue. Mwanzoni ugonjwa huu hukaa kimya. Kamwone daktari."

Mdogo mtu akazidi kuchanganyikiwa. Kumbe cha kuogopwa si kikombe cha kaka, ni damu yake mwenyewe.

"Mimi nilichelewa," kaka akasema. "Twende wote, mdogo wangu."

Wakaenda. Daktari alimweleza mdogo mtu kipimo cha damu kinaonyesha nini na hakionyeshi nini, kisha akachukua damu. Majibu yalikuwa mazuri. Akaambiwa arudi mwakani apimwe tena. Kaka akaendelea na matibabu yake.

Meza ikarudi mahali pake. Siku ya kwanza mdogo mtu alikunywa maji kwa kikombe cha kaka, akafuta mdomo, akauliza tena: "Lakini hivyo virusi, kaka, vimo au havimo?"

"Hata wenye hadubini hawajui. Shika msumeno."