Cherehani Yavuka Uwanda wa Chumvi

Tufani la vumbi liliwakuta katikati ya uwanda wa chumvi, na lilipopita halikuacha njia wala alama ya gurudumu. Liliacha wazee wawili, pikipiki moja, na mlio wa "sss" kama wa chatu mwenye mafua.

"Paipu ya rejeta," alisema fundi mstaafu, akipiga magoti. Jiwe lilikuwa limeichana, na maji ya kupozea injini yalikuwa yakiishilia ardhini.

"Si uongeze yale ya akiba?" aliuliza mkewe. Alikuwa nesi, na watu walimwita Mama Sindano. Kifuani alikumbatia kisanduku cha barafu chenye dawa ya sumu ya nyoka. Mkwe wao alikuwa ameumwa na nyoka asubuhi ile kwenye kambi ya wachimba chumvi, ng'ambo ya uwanda. Gari la zahanati lilikuwa bovu. Dawa isipofika kabla ya jua kuzama, binti yao angekuwa mjane.

Fundi alikohoa. "Yale maji... niliiosha nayo."

"Uliosha nini?"

"Pikipiki. Isije ikaingia jangwani ikiwa chafu."

Mama Sindano alitikisa kichwa. "Baba watoto, tukifa leo, huko tuendako usinijue."

Jua lilikuwa kali kiasi kwamba hata kivuli cha pikipiki kilijibanza chini ya pikipiki. Ilikuwa ya Kijapani, silinda mbili, injini ya cc mia mbili na hamsini tu, yenye kioo cha kukata upepo na kiti kisichomvunja abiria mgongo. Mkwe alikuwa akiicheka. "Mzee, na hiyo cherehani yako, leo unamshonea nani?" Fundi alimjibu vilevile kila mara: walioanzisha kampuni ile hawakuanza na pikipiki, walianza na mitambo ya kufumia nguo. "Mtu aliyelea nyuzi elfu bila moja kukatika, nati hawezi kuikaza ovyo!"

Sasa aliinua macho kutoka kwenye paipu, midomo imepasuka. Halafu akageuka. "Nipe mtandio wako."

"Ni mpya huu."

"Ni wa pamba. Nipe na plasta."

Waliiacha injini ipoe. Mama Sindano akaifunga paipu kama anavyofunga mguu uliovunjika: plasta kwanza, kisha utepe aliouchana kwenye mtandio, mzunguko juu ya mzunguko, akivuta kwa meno. Fundi aliyekaza nati miaka arobaini alishika tochi mchana kweupe, kwa kukosa kazi nyingine.

"Na maji?"

Mama Sindano alifungua kisanduku. Nusu ya barafu ilikuwa imeyeyuka. Alizifunga chupa za dawa na vipande vilivyobaki, akamimina yale maji ndani ya rejeta mpaka tone la mwisho. Wao wenyewe walilamba kifuniko.

"Mfuniko wa rejeta usiukaze sana," fundi alionya. "Presha ikipanda, mtandio utaruka."

"Na wewe usikimbize. Jua libaki bega la kushoto, tusipotee."

Injini iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Walikwenda kilomita hamsini mwendo wa kubembeleza. Kila mara mshale wa joto la injini ulipopanda walisimama, wakasubiri, wakaendelea. Fundi hakujisifu hata mara moja, jambo ambalo mkewe alilihesabu kuwa muujiza mkubwa kuliko wa paipu.

Jua likigusa ardhi waliyaona maturubai ya kambi. Binti yao alikuja mbio, akilia. Mama Sindano alishuka, akaenda moja kwa moja kwa mgonjwa na sindano.

Asubuhi mkwe alifumbua macho. Sauti ilimtoka kama ya mlango mbovu. "Gari la zahanati lilipona?"

"Halijapona," alisema binti yao.

"Basi nani kaleta dawa?"

Fundi alikuwa nje, akiifuta pikipiki kwa kitambaa kikavu. Utepe wa mtandio aliupita bila kuugusa, na mpaka leo haruhusu mtu aubadilishe.

"Cherehani," alijibu Mama Sindano.